Kampeni ya Makao ya Wazee

Sheria ya kampuni ya matangazo ilikuwa fupi: mpishi huonja kwanza. Kila kampeni ya mitandaoni ilipita siku saba kwenye simu za watu wa nyumbani kwa aliyeitunga, kabla ya kumfikia mtu mwingine. Akishawishika mmoja wao, imefaulu.

Siwema alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka kwa kulala. Miaka sita ya kazi hiyo ilikuwa imemjazia nyumba sabuni, viatu na dawa za meno ambazo mama yake alizinunua kwa kushawishiwa naye. Safari hii alipewa kutangaza makao ya wazee. Akaipanga kampeni kama kazi nyingine yoyote: asubuhi picha za bustani, mchana video za wazee wakicheza bao, na jioni sentensi moja tu, iliyomgharimu wiki nzima kuipata.

Siku ya tano, akiwa mlangoni anavua viatu, simu ikampongeza: kampeni imefaulu.

Mama yake alikuwa amekaa sebuleni, amevaa buibui lake, sanduku miguuni. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilikuwa mezani, imeoshwa ikang'aa.

"Hiyo nakuachia," mama alisema. "Kumpenda mtoto ni kumpunguzia mzigo."

Siwema akalishika sanduku. "Mama, hilo ni tangazo! Maneno hayo nimeyaandika mimi."

"Najua, mwanangu. Niliona jina lako chini yake," mama alijibu kwa upole. "Nikasema, maskini, ameshindwa kuniambia kwa mdomo."