Nusu ya Raksmey

Mwalimu alitupanga wawili wawili tupambe ukuta wa darasa kwa maua ya Kikhmer: mmoja achore nusu ya kulia, mwenzake ya kushoto, zikutane kama viganja vya mtu anayesalimu.

Mwenzangu Raksmey hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo tulisimama bega kwa bega bila viwiko kugongana.

Jumatatu alivuka mpaka wa Kambodia, akaenda Thailand kuvuna mihogo.

"Geuza karatasi yako ya mchoro, unakili nayo nusu yake pia," mwalimu aliniambia. "Unamsubiri nani?"

Nikahamishia brashi mkono wa kushoto. Petali ya kwanza ikatetemeka.

"Jamani, yungiyungi la huyu limelewa!" mwanafunzi mmoja akapaza sauti. Darasa zima likacheka.

Nikachovya tena, mkono uleule, nimesimama pembeni kidogo, kama vile bado tunabanana na Raksmey.