Fungo na Funda la Nyegere

Enzi wanyama walipokuwa wakialikana harusini, Nyegere alisifika kwa sharubati yake ya ukwaju. Fungo, mdadisi asiyekubali kulala na swali, akamwomba siri yake. Nyegere akampa ukwaju, sukari, hata sufuria. Bado sharubati ya Fungo ilinuka tope.

"Lipo alilonificha," akasema Fungo, akajibanza kichakani kuchungulia. Akamwona Nyegere akipiga funda la maji matupu, akafumba macho, akasukutua, akatema. Ndipo akaanza kupika.

"Kumbe ni uganga!" Fungo akanong'ona.

Siku ya harusi ya binti Pundamilia, Fungo akajitolea kuwanywesha wageni. Akachota maji kwenye bwawa wanakooga nyati, akapiga funda, akafumba macho, akasukutua, akatema, kisha akapika. Bibi harusi alionja, akakunja uso, akaisukuma bilauri kando. Wageni nao wakaondoka na kiu yao.

Fungo akamwendea Nyegere kwa hasira. "Umenificha dawa! Nimefumba macho kama wewe, nimetema kama wewe!"

"Ulipoyaonja maji, yalikuwa na ladha gani?" akauliza Nyegere.

"Ya tope na kwato za nyati."

"Ukafanyaje?"

"Nikazidisha sukari."

Nyegere akamtazama kwa mshangao. "Ndugu yangu, mimi yakiwa na ladha hiyo huyamwaga, na siku hiyo sipiki."