Ulimi wa Mkwe

Kornel aliingiza pua ndani ya glasi, akavuta pumzi kwa nguvu zote, na hakusikia harufu yoyote.

Mafua yalimwanza jana. Leo upepo wa Julai ukamalizia kazi, ukimpiga kifuani kwenye pikipiki tangu Sumbawanga mpaka Kaengesa. Hata chai ya tangawizi aliyokaribishwa nayo ilikuwa maji ya moto tu mdomoni.

"Usiwe na haraka, kijana," alisema Mzee Fabiani, baba yake Cornelia, msichana ambaye Kornel alikuja kumposa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa chupa kabatini, akainusa shingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamimina glasi mbili nyekundu na kuirudisha chupa mahali pake.

Uwanda mzima wa Ufipa ulimjua. Miaka ishirini nyuma alileta pingili za mzabibu kutoka Dodoma, ile Makutupora nyekundu, watu wakamcheka kwamba baridi ya Ufipa itaziua. Zikashika. Mvinyo wake ukapata jina, naye akapata masharti: mshenga hakanyagi kwake kabla mposaji mwenyewe hajaonja na kusema alichoonja.

Mwezi uliopita alikuja Clemens, mwalimu wa Namanyere, mtu wa suti. Alionja, akasema mvinyo una ladha ya udongo. Alisindikizwa kwenye basi kabla chakula hakijaiva.

Kornel alikuwa fundi pikipiki, suti hana. Akikosea leo, Cornelia ndiyo basi tena. Kwa siku tatu binti huyo alikuwa akimfundisha kwa simu: "Anza na zambarau, halafu masuku ya porini, malizia na moshi. Ongea polepole. Na tafadhali usipige chafya."

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Cornelia aliingia mbio, akakitoa chungu kwenye jiko la mkaa lililokuwa hatua moja kutoka kwenye viti vyao.

"Jamani, maharage yameungua mpaka nimesikia harufu kisimani. Nyie mmekaa hapahapa."

"Tulikuwa na mazungumzo," alisema Fabiani.

Cornelia alimtupia Kornel jicho la kumwombea, akatoka na chungu chake.

Kornel akapiga funda. Baridi, majimaji, basi. Akameza.

"Zambarau," alisema.

Mzee akasogeza kiti karibu.

"Halafu masuku. Yale yaliyoiva hasa, ya kuokota chini."

Fabiani akainua glasi yake haraka, akaonja, akakaa nayo mdomoni. "Masuku," alirudia. "Kweli kabisa. Endelea."

"Mwishoni kuna moshi. Kwa mbali."

Mzee akafumba macho. "Miaka yote hii," alisema, "nimemsubiri mtu wa kuusikia huo moshi."

Hapo Kornel alipaswa kuishia. Lakini furaha ilishampanda. "Na mvua," aliongeza. "Kama mvua ya kwanza ikigusa vumbi."

"Ya Novemba," alisema Fabiani.

"Ya Novemba, mzee. Mwanzoni mwanzoni."

Walikunywa mpaka glasi zikakauka. Kornel akabana chafya moja, machozi yakamtoka. Mzee aliyaona, naye akapangusa ya kwake.

"Mwambie mshenga wako aje Jumapili, baada ya misa," alisema. "Nyumba hii inahitaji mtu mwenye ulimi."

Mama yake Cornelia, Rozina, ndipo alipoingia kutoka jumuiya, rozari ingali mkononi. Aliwasalimu, akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa chupa ileile, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba Cornelia," aliuliza, "nani tena kanywa maji yangu ya bitiruti?"

Fabiani hakugeuka. Alimtazama Kornel, na Kornel akamtazama yeye.

"Mkwe," alinong'ona mzee, "ficha glasi."