Mkanda wa Bi Mwanaidi

Shaweji alipanga mizigo kwenye buti: gunia la mchele chini kabisa, masufuria juu yake, kisha akakaza kamba ili akifunga breki kitu kisiwarukie. Bi Mwanaidi, mama yake, alikuwa ameshakaa nyuma. Miaka yote kiti cha mbele kilikuwa chake. Leo mwanawe amekirudisha nyuma kabisa, tumbo la mkewe Hadia lipate nafasi.

"Mkanda upite chini ya tumbo, siyo juu," Shaweji alimwambia mkewe, ameinama mlangoni. "Unabana?"

"Wala," Hadia akacheka.

Bi Mwanaidi aliuvuta mkanda wake, akaushika tu mkononi. Kila safari husema hajui kuufunga, na Shaweji humwinamia amfunge, naye akapata kumnusa mwanawe utosini kama alivyomnusa alipokuwa mchanga.

Shaweji aliingia, akarekebisha kioo. "Mama, siondoki hujafunga."

"Mambo yenu haya mimi nitayajulia wapi?"

"Ngoja, Mama, nije nikufunge," Hadia akasema. Akafungua mkanda wake, akashuka kwa taabu, akafungua mlango wa nyuma na kunyoosha mkono.

"Usiniguse!"

Mkanda ukalia taki. Bi Mwanaidi alikuwa ameufunga mwenyewe, kwa mkono mmoja, bila hata kuangalia.

Hadia alibaki ameshika mlango. Shaweji alimtazama mama yake kupitia kile kioo, vidole vyake kwenye ufunguo, asiugeuze.