Mikono Mipya

Sisi wafanyakazi wa maabara ya seli shina, ngozi zetu ni mali ya chuo. Tunazikuza kwenye visahani, kisha wanavishwa wenye pesa zao. Nyumbani haturuhusiwi kuvua glovu, eti tusije tukajichubua. Mwanangu Tunu anaingia shule mwakani na hajawahi kuguswa na kiganja changu kitupu.

Jana mke wa mkuu wa chuo alikuja kwangu kunionyesha mikono yake mipya. Ngozi ile niliikuza mwenyewe, imetoka kwenye kiganja changu. Akampapasa Tunu shavuni, na mtoto, ambaye huwakimbia wageni, akamsinzilia mapajani.

“Hongera Mama Tunu, una mtoto mpole.”

“Asante, mama,” nikajibu, glovu nimezificha ndani ya kanga.

Mgeni alipoondoka, Tunu akaamka, akajishika shavu.

“Mama, na wewe kanunue mikono kama ya yule mama.”