Mguu Watu Wanauelewa

"Lete mguu hapa!"

"Mguu wangu mzima, braza! Unaufunga wa nini?"

"Punguza sauti! Wanakwaya wako sebuleni, unataka wakusikie?"

Benson alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bendeji mkononi, jasho linamtoka kama vile yeye ndo katoka mbioni. Mdogo wake, Lusungu, kasimama dirishani, bado kavaa fulana ya timu aliyoshuka nayo kwenye ndege asubuhi. Mtaa mzima hapo Tegeta ulishajua karudi. Sebuleni Hope, mke wa Benson, alikuwa anagawa soda, na watu walishaimba nyimbo mbili kumshukuru Mungu kwa kumrudisha salama.

Salama! Lusungu alitamani sakafu ipasuke aingie.

"Tunasema goti limeteguka," Benson akasema. "Basi. Nani atauliza swali la pili?"

"Mie nasema ukweli."

"Ukweli upi? Hebu niambie mie kwanza, nisikie unavyotamkika."

Ukweli wenyewe ulikuwa huu: kule Italia, kwenye mbio za mlimani, alikuwa wa tatu. Pumzi anayo, miguu inadai kazi, kilele anakiona. Akakaa chini kwenye jiwe, akaanza kulia. Wenzake wakampita mmoja mmoja, kuna waliomshika bega, yeye analia tu kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Haumwi popote. Ila miezi mingi alikuwa halali, chakula anakitafuna kama karatasi, akishinda na akishindwa anaona mamoja. Daktari wa timu akamwambia ule ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, na wakimbiaji wengi wa milimani wanao, wanauficha tu.

"Daktari kasema nisifiche," akasema hatimaye.

"Daktari anaishi Tegeta? Toka hapo ukaseme ulilia, uone kama kesho kijiweni hawajakubatiza jina. Siku ukienda kuposa watauliza, huyu si yule aliyechanganyikiwa mlimani? Mguu watu wanauelewa, mdogo wangu. Ukiumwa mguu unaletewa kiti. Ukiumwa huko kwingine, wanacheka."

Aibu ikampanda Lusungu mpaka masikioni. Sasa atabishana vipi na Benson? Huyu ndo aliyemfundisha kukimbia, akimpandisha na kumshusha ngazi za lile pagale la ghorofa huko barabarani, sababu Tegeta mlima utautoa wapi. Huyu ndo alikuwaga namba moja, mpaka goti lilipomharibikia kwenye mbio za Mlima Meru, akiwa anaongoza. Toka siku hiyo mguu wa kulia anauburuta, na kila jioni Hope anamchua kwa mafuta ya moto huku anamwombea. Mtu kaumia kweli, hajawahi kulalamika hata siku moja. Halafu yeye, mzima kama ng'ombe, anakaa kwenye jiwe analia!

Akanyoosha mguu.

Benson akaufunga haraka haraka, bendeji ikapita juu ya goti, chini ya goti, ikarudi. "Usichechemee sana," akanong'ona. "Sikiliza mie mwenye goti bovu. Mtu mwenye maumivu anayaficha. Kaza uso, watu wajionee wenyewe."

"Mpaka lini, braza?"

Benson akavuta fundo.

"Shemeji!" Hope akaita kutoka sebuleni. "Njoo basi, mchungaji anasema akuwekee mikono kwenye goti! Na mama zako wa kwaya wote watakuombea!"

Hapo Lusungu akapiga picha kichwani. Akawaona kina mama wa watu wamefumba macho, wanamlilia Mungu kwa ajili ya goti ambalo halina hata mchubuko. Halafu kesho tena. Na Jumapili mbele ya madhabahu.

"Hapana," akasema. "Hii siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuombewa uongo! Bora wacheke." Alishaanza kuifungua bendeji, inamwagika sakafuni kama utumbo. "Nawaambia kichwa changu ndo kilichoumwa. Wakitaka kuniombea, waombee hicho."

"Lusungu, usiniaibishe! Nimeshawaambia goti!"

"Wewe ndo uliwaambia, sio mie!"

Akaenda mlangoni. Benson alikuwa amebaki upande wa pili, kitanda kizima cha sita kwa sita kiko katikati yao.

"Lusungu! Mdogo wangu, nakuomba!"

Lusungu akashika kitasa.

Benson akaruka. Alikipita kitanda hewani bila kugusa hata shuka, akatua upande huu kwa mguu wa kulia, hatua mbili ndefu, huyo mlangoni, kifua kimeziba njia, wala hahemi.

Wakatazamana. Lusungu akashusha macho kwenye ule mguu, umenyooka, umebeba mwili wote. Benson naye akauangalia, kama wa mtu mwingine.

"Kaka?" Lusungu akasema polepole. "Kule Meru na wewe ulikaa kwenye jiwe?"

"Mume wangu, kuna nini huko?" sauti ya Hope. "Umeanguka? Goti hilo?"

Benson akajifuta uso kwa kiganja, akafungua mlango kidogo, akatoka akiuburuta mguu, akaufunga mlango nyuma yake.