Miparachichi ya Kambi ya Reli

Mparachichi wa kwanza ulianguka pamoja na matunda yake yote, nayo yakatapakaa hadi kwenye kizingiti cha jikoni. Ngoie aliegemea mpini wa shoka, akihema.

"Polepole, baba," akasema mkewe, Kabedi. "Dokta alikuambia moyo wako hautaki kazi ya nguvu."

Hata hivyo, ni yeye aliyetaka miti ikatwe. Mwezi mzima alikuwa akimsihi. Ngoie aliipanda yote mitatu mwaka alipopewa nyumba katika kambi ya reli ya Kamina, na sasa ilikuwa imeziba reli isionekane kutoka uani. Kila alasiri treni ya mizigo ya Bukama ilipita nyuma ya ua, ikageuka stesheni na kurudi. Mtoto wao wa pekee, Florent, aliyehamia Bukama, alikuwa mchochea moto wa treni hiyo. Kabedi alisema anataka kumwona akipita. Kila wiki Ngoie alikuwa na sababu: mvua, matunda machanga, shoka butu.

Jirani yao Nicodème, karani kutoka Kasai, alichungulia juu ya ua.

"Baba Florent! Avoka ziko zinazaa hivi, na weye unakata? Mkubwa mu nyumba hii njo nani?"

"Njo mama," Ngoie akajibu. Nicodème akacheka. Ngoie hakucheka. "Okota, upelekee batoto."

Mti wa pili ukaanguka. Mbele ya wa tatu, Ngoie alitua shoka.

"Mama Florent, huu tuuache. Utamuona pembeni ya mti."

"Hapana, baba. Nataka weye pia umuone."

Mti ulipoanguka, reli ikaonekana wazi. Ngoie alitaka kuingia ndani, lakini Kabedi alimshika mkono, akamsimamisha. Treni ikatokea. Kutoka kwenye kichwa cha treni, kijana mwenye kofia ya bluu alipunga mkono hadi moshi ukamfunika.

"Umeona?" Kabedi akauliza. Hakuitazama treni, aliutazama uso wa mumewe.

Ngoie aliinua mkono, naye akapunga.

Kesho yake alikwenda stesheni, akaingoja treni hiyo. Yule kijana wa kofia ya bluu, Médard, mwenzake Florent kazini, alishuka akifuta grisi mikononi.

"Miezi miwili iliyopita," Ngoie akasema, "nilimwambia Mama Florent ninafuata karatasi za pensheni Bukama. Nilikwenda kumzika Florent. Sikuthubutu kumwambia, hata leo. Nani alikutuma kutupungia?"

Médard alivua kofia.

"Ni Mama Florent, papa. Siku ile weye ulikuwa safarini, mimi njo nilimuletea habari. Aliogopa moyo wako, akaniomba nipunge, ili weye usijue hata siku moja kwamba Florent alikufa."